Kokoto Ndani ya Chungu cha Mama

Fundi mawe alipokitoa chungu cha mama kaburini, kililia kwa namna ambayo sikuitegemea. Mifupa iliyopita kwenye tanuri ni mikavu na myepesi. Ukiitikisa inagongana kama maganda ya mayai. Naijua sauti hiyo kwa sababu mimi na kaka yangu Kiyotaka ndio tulioiokota mifupa ya mama kwa vijiti siku ya kumchoma, tukaitia chunguni mmoja mmoja, tukianzia ya miguu na kumalizia ya kichwa, ili asije akakaa kichwa chini. Sasa chungu kililia kizito, kama mfuko wa maharage.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Tetemeko la mwezi wa sita lilikuwa limeipindisha nguzo ya kaburi la ukoo wetu, na kwa vile mafundi mawe wa Osaka nzima hawakuwa wakipumua mwaka ule, zamu yetu ilifika majani ya miti yakiwa yameshakuwa mekundu. Kaka alikuja kutoka Nagoya amevaa suti nyeusi na viatu vyeusi vinavyong'aa. Yeye ni mkaguzi wa lifti. Hata akiwa dukani kununua soksi, hapandi lifti kabla hajasoma kibao cha uzito. Baba hakuja. Alisema magoti yanamuuma.

Chini ya nguzo kuna kijumba kidogo cha mawe, na humo vilikuwamo vyungu vitatu: cha babu, cha bibi Kikuno aliyemzaa baba, na cha mama. Tetemeko lilikuwa limemwangusha bibi juu ya mama. Chungu cha bibi hakikuwa na hata mkwaruzo. Cha mama kilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi kitakoni.

"Samahanini," fundi alisema, akakiweka juu ya kitambaa kwa mikono miwili. "Hiki itabidi mhamishie kingine. Ila kilichomo, mimi naona bora mwangalie wenyewe."

Kaka akakata uzi, akafunua kifuniko. Tukachungulia. Zilikuwa kokoto nyeupe, safi, zimejaa hadi shingoni.

Nakumbuka wazo langu la kwanza, nalo lilikuwa la kipumbavu: kwamba mama amegeuka mawe. Nikatia mkono, nikachimba kwa vidole hadi chini, nikitafuta hata kipande kimoja cha mfupa. Kokoto tupu. Miaka mitatu nilikuwa nikichuchumaa mbele ya nguzo ile, naimwagia maji, nawasha vijiti vya ubani, namweleza mama habari zote za nyumbani, hata zile za talaka yangu ambazo sikuwahi kumwambia mtu mwingine. Nilikuwa nazieleza kokoto.

"Wezi," kaka alisema. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Mwizi gani anaiba mifupa?" fundi akauliza polepole, kama anayeogopa kuonekana anabisha. "Na akimaliza anafunga kifuniko na uzi?"

Niliuokota uzi. Ulikuwa wa samawati, ule wa nailoni ambao baba hufungia miche yake ya nyanya uani.

Tulimkuta baba ameketi kwenye meza ya sebuleni, ile yenye joto chini, blanketi limemfunika hadi kiunoni, anamenya machenza. Ana miaka themanini na tatu, na jina lake ni Isaburo. Kaka hakuvua hata koti. Alikiweka chungu mezani katikati ya maganda.

Baba akakitazama. "Kimepasuka?"

"Bibi amekiangukia," nikasema.

"Ndizo zake," baba akajibu, akaendelea kumenya.

"Baba, mama yuko wapi?" kaka aliuliza.

"Yuko kwenye maji ya mfalme."

Kwetu huku makaburi ya wafalme wa kale yako katikati ya nyumba za watu. Ni vilima vikubwa vilivyoota msitu, na kila kimoja kimezungukwa na handaki la maji. Ukienda kununua tofu unapita kando yake. Baba alipostaafu kiwanda cha vigae, yeye na mama walifanya kuyazuru ndiyo starehe yao. Walipanda treni hadi Nara na Kyoto, na matonge ya wali kwenye mkoba, wakisimama mbele ya kila lango la mawe, wakiinama, kisha wakila. Hilo lililo karibu na kwetu sitalitaja jina, na mtaelewa kwa nini. Haruhusiwi mtu kuvuka ng'ambo. Hata maprofesa wakiomba huambiwa hapana.

Mama alikuwa na maneno yake akifika pale. Aliketi kwenye benchi, akanyoosha miguu, akasema: "Mwoneni bwana huyu. Kilima kizima peke yake na maji pande zote. Mama mkwe amfikie vipi?" Nasi tukacheka. Mtaa mzima ulikuwa unaujua utani huo.

"Haukuwa utani," baba alisema. "Hospitalini, siku za mwisho, aliniambia: Isaburo, nimeishi na mama yako miaka ishirini na sita. Usinilaze naye."

Nilimuuguza mama mimi. Nilimkata kucha, nilimbeba hadi chooni. Hilo hakuniambia.

"Na wewe ukamtupa kwenye handaki," kaka alisema.

"Sikumtupa. Nilimpeleka. Kwa chupa ya chai."

"Mifupa haiingii kwenye chupa ya chai, Baba."

"Ikisagwa inaingia."

Birika lilikuwa linaunguruma jikoni. Nikakumbuka zile wiki saba ambazo chungu cha mama kilikaa nyumbani kwenye madhabahu kabla ya mazishi, jinsi baba alivyotoka kila asubuhi kutembea na chupa yake ya chai begani, na jinsi nilivyofurahi kuona angalau anatoka. Aliporudi nilikuwa naiosha ile chupa. Kisha wazo jingine likanijia.

"Baba. Ulisagia kwenye nini?"

Alichukua chenza jingine, akalitazama pande zote kama anayetafuta pa kuanzia.

"Nililiosha vizuri sana," akasema.

Nilikwenda jikoni. Bakuli la kusagia ufuta lilikuwa mahali pake, juu ya rafu, lile la udongo lenye mikwaruzo ndani, na mchi wake pembeni. Mama alilitumia miaka yote, na mimi baada yake. Juzi yake tu nilikuwa nimesaga ufuta wa kuchanganyia na mchicha, na baba alikula akaomba tena. Niliketi sakafuni palepale, mgongo kwenye kabati. Sikulia. Nilitazama vidole vya miguu yangu ndani ya soksi, nikawa nasikia mazungumzo ya sebuleni kama redio ya jirani.

"Na hizi kokoto?"

"Za pale mbele ya lango. Chungu kitupu kingekuwa chepesi, mtawa wa hekalu angejua. Kwa hiyo nilikuwa naenda na mama yenu, narudi na kokoto."

"Umeiba kokoto za mfalme."

"Kidogo kidogo."

"Baba, hilo ni kosa la jinai."

"Lipi, la kokoto au la mama yenu?"

Kisha baba akasema kwa sauti ya chini kwamba ule mfupa wa shingo, ule unaofanana na mtu aliyeketi akisali, hakuweza kuusaga. Alijaribu, mkono ukakataa. Aliutumbukiza mzima.

Kaka alilala kwetu. Asubuhi, ambayo ilikuwa Jumamosi, alishuka akiwa amevaa suti ileile. Alisema anataka kupaona mahali penyewe, na pengine kumwomba mama msamaha kwa niaba ya ukoo. Baba akasema vizuri, yeye huenda kila siku hata hivyo. Nikauliza habari za magoti. Akasema leo hayaumi.

Njia ya kuelekea langoni imepandwa misonobari pande mbili. Baba alitangulia na mkongojo wake, kofia kichwani, akituonyesha benchi lake na ua ambapo mwenyewe ana mbwa mkali. Alikuwa mchangamfu. Mwezi ule, kwa sababu ya baridi, hakuwa amefika pale. Mafua yalimweka ndani wiki kadhaa. Alitwambia tutaona bata, maana huu ndio msimu wao, na kwamba mama alikuwa akiwapa majina ya wabunge.

Tulipoipita misonobari ya mwisho, baba akasimama.

Maji hayakuwapo. Lile handaki lote, pana kama mto, lilikuwa tope jeusi lililopasukapasuka, na korongo weupe walikuwa wakitembea ndani yake wakidonoa. Kilima kilisimama ng'ambo na miti yake, miguu wazi, mizizi inaning'inia pale maji yalipokuwa. Upande wa kushoto uzio ulikuwa umefunguliwa, mbao zimelazwa juu ya tope, na katapila dogo la manjano lilikuwa linachota na kujaza lori. Watu wa kofia ngumu walikuwa wanaelekezana kwa mikono. Harufu ilikuwa ya samaki waliooza.

Sijawahi kumwona baba na uso ule, hata siku mama alipokata roho. Mdomo ulikuwa wazi kidogo.

"Maji yako wapi?" aliuliza. Hakuwa anatuuliza sisi.

Lori lilijaa, likanguruma, likaanza kutoka. Baba alilifuata kwa macho hadi lilipopinda kwenye kona ya duka la mkate. Kisha akaanza kwenda. Nilidhani anakwenda kuwauliza wale mafundi. Alipita kwenye uwazi wa uzio, akashuka kwenye mbao, na mbao zilipoisha hakusimama.

"Baba," nikaita.

Hatua ya kwanza ilimzamisha hadi vifundoni. Ya pili hadi magotini. Mkongojo uliingia kwenye tope ukabaki huko umesimama peke yake. Akajaribu ya tatu, akakaa kitako taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji ya kuoga, na tope likamfikia kiunoni.

Nilikuwa bado natafuta pa kukanyaga pale kaka aliponipita. Kiyotaka, ambaye tangu utotoni alikuwa anaviruka vidimbwi asije akachafua viatu, aliingia kwenye tope lile na viatu vyake vinavyong'aa na suti ya mazishi, akafika kwa baba, akamkumbatia kutoka nyuma chini ya makwapa. Wakawa wamekaa hivyo wote wawili, hakuna anayeweza kwenda mbele wala nyuma.

"Niache," baba alisema. "Wanamchukua na lori."

"Najua, Baba."

"Wanamchukua na lori, Kiyotaka."

"Nimeona. Nishike mkono kwanza."

Mafundi walikuja mbio na mbao nyingine na kamba. Msimamizi wao alikuwa mwanamke mnene mwenye mashavu mekundu, buti hadi mapajani. Aliwavuta wote wawili mwenyewe, akisaidiwa na vijana wawili, akawaketisha ukingoni kwenye ndoo zilizopinduliwa, akaleta mpira wa maji.

"Mzee wangu," alisema huku akimwoshea baba miguu, "mimi tope hili nalipwa ili niingie. Wewe unaliingia bure? Umeangusha nini?"

Baba alikuwa anatetemeka. Nilimtazama kaka. Kaka hajui kusema uongo. Akiwa mtoto aliwahi kurudi dukani kumwambia mwenye duka kwamba amemzidishia peremende. Tope lilikuwa hadi kwenye tai yake.

"Miwani," kaka alisema.

Msimamizi akamtazama baba usoni, ambako miwani ilikuwa imekaa vizuri kabisa, yenye madoa ya tope.

"Ya kusomea," kaka akaongeza.

"Aa. Ya kusomea." Akageuka kwa watu wake. "Jamani, mzee ameangusha miwani ya kusomea. Mkichota, chungulieni."

Nilitamani ardhi inimeze, maana wale watu walitii. Walitafuta kweli, kwa makoleo, mmoja hata kwa mikono. Baba alipopata pumzi alimuuliza msimamizi tope linapelekwa wapi. Akajibu kwamba maji yametolewa kwa sababu kingo za kilima zinamomonyoka. Sehemu ya tope inarudishwa kule ng'ambo, inashindiliwa chini ya miti, na sehemu inachukuliwa na malori, ila huko yanakokwenda hajui, labda milimani kusini. Maji yatarudishwa kabla ya msimu wa kupanda mpunga.

"Ipi inabaki na ipi inakwenda?" baba aliuliza.

"Mzee, tope ni tope. Inategemea lori limekuja au halijaja."

Baba akainamisha kichwa. Nilimfunga koti langu mabegani, na kaka akawa anamsugua mikono. Ndipo alipozungumza, bila kututazama, macho yakiwa kwenye ile mizizi inayoning'inia.

"Siku ya pili ya ndoa yetu alipika supu ya maharage asubuhi. Mama yangu akaonja, akainuka, akaenda akaimwaga uani, kwenye chungu cha maua. Hakusema neno. Kesho yake tena. Akawa anafanya hivyo kila asubuhi mpaka wewe Kiyotaka ulipozaliwa. Mimi nilikuwa naketi palepale mezani. Nilikuwa nakula wali wangu na kachumbari, kisha nakwenda kazini."

"Bibi?" kaka alisema. "Bibi yetu?"

Nami nilishtuka kama yeye. Bibi Kikuno ninayemkumbuka mimi alikuwa akitupa pipi za sukari guru kwenye karatasi na kutusimulia hadithi tukioga. Nilijaribu kumweka mtu huyo uani na bakuli la supu mkononi, akageuka mwingine kabisa, na nikaona kwamba mama aliwaacha watoto wake wampende mtu yule na hakutia neno. Nilimwonea hasira mama, kisha nikamwonea huruma, kisha nikawa sijui.

"Hata siku moja hukumwambia bibi aache?" nikauliza.

"Hata siku moja."

Kijana mmoja alikuja anakimbia juu ya mbao, anacheka. Mkononi alikuwa na miwani. Ilikuwa imeliwa na kutu, kioo kimoja hakipo, imevaa konokono. Mungu ndiye anayejua ilikuwa ya nani na iliangukaje humo.

"Hii hapa, mzee," alisema.

Baba aliitazama, akatutazama sisi, akainuka kwa shida kutoka kwenye ndoo. Akaipokea kwa mikono miwili na kuinama sana, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Mafundi wote wakapiga makofi. Kaka alifunika uso kwa mikono yake ya tope, na mabega yake yakawa yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia.

Kokoto tulizirudisha siku hiyohiyo. Kaka hakukubali kuondoka bila hilo. Alizichukua kutoka nyumbani kwenye mfuko wa dukani, akazimwaga mbele ya lango, akazitandaza kwa mguu, na kuinama mara mbili. Kwenye chungu kipya tulimwuliza baba tutie nini, kwa kuwa mtawa alikuwa anakuja kusoma sala Jumatatu. Akafikiri. Akaleta kitana cha mama, na kilemba chake cha kupikia, na vipande vya lile bakuli la ufuta, ambalo nilikuwa nimelivunja mwenyewe kwenye ngazi za uani asubuhi ile na hakuna aliyeniuliza sababu. Tukafunga kwa uzi wa samawati. Fundi mawe alikiweka kwenye kona ya mbali na chungu cha bibi, na kati yao akatia matofali mawili. Hatukumwomba afanye hivyo.

Baba alilala na homa wiki nzima, kisha akapona. Sasa anakwenda kila siku kuwatazama wale mafundi wakishindilia tope, anarudi na habari za malori mangapi yametoka. Msimamizi amempa kofia ngumu.

Wiki mbili baadaye kaka alinipigia simu mchana, wakati wa kazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nilisikia lifti ikifunguka na kufungika nyuma yake.

"Chigusa, nimemsimulia Yukari," alisema. Yukari ni mke wake. Wameoana miaka ishirini na tisa sasa, mtu mpole, sijawahi kumsikia akibishana.

"Alisemaje?"

"Nilidhani atashtuka. Nilimsimulia yote, mpaka la bakuli. Alikuwa anakunja nguo. Akamaliza kukunja, akaniambia yeye pia hataki kuingia kwenye kaburi la kwetu. Amelifikiria muda mrefu, anasema. Alikuwa anangoja wakati mzuri wa kuniambia."

Kule Nagoya lifti ilifunguka tena, ikatangaza ghorofa, ikafungika.

"Nimemuuliza nimemkosea nini," kaka alisema. "Amesema nikae chini, maana ni habari ndefu. Sasa sijui, Chigusa. Nimemwambia nina kazi, nikaja huku."

"Rudi nyumbani, Kaka," nikamwambia. "Nenda ukakae chini."